Mashine ya Kumzunguka Recho

Mtu akishaanza kukuchukiza, hata anavyotafuna hukuchukiza. Mama Hyasinta alikuwa amefika hapo na mwanawe Bernado tangu saa mbili asubuhi, alipokuja kumchukua nyumbani kwa Stellah, dada yake Bernado, mtaa wa Kitaji, Musoma. Gari lilinuka marashi mpaka ikabidi mama ashushe kioo. Wiki tatu alikuwa amekaa kwa Stellah akiuguza jicho la kushoto baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Sasa jicho lilikuwa limepona, tena linaona kupita alivyotaka, na kitu cha kwanza lilichomwonyesha siku ile ni Bernado akijipiga picha mbele ya gari, mdomo ameubetua.

Bernado alikuwa mshereheshaji wa harusi huko Mwanza, mtu wa kukuomba chumvi mezani kama vile ameshika kipaza sauti. Safari hii alikuwa amekuja na jambo lake: boma la Butiama, ekari saba za majani, ligeuzwe bustani ya sherehe. Maharusi watoke Musoma, watoke Bunda, waje kukaa chini ya mahema. Majani yale hayakuwahi kukatwa na kitu chochote zaidi ya fyekeo na meno ya ng'ombe, kwa hiyo ilitakiwa mashine ya kukatia majani. Na kwa kuwa marehemu Mzee Keraryo aliliacha boma mikononi mwa mkewe, na kikao cha ukoo kikalikubali neno hilo, hakuna mashine ambayo ingeingia pale bila Hyasinta kusema ndiyo.

Hyasinta alisema ndiyo, ila kwa sharti moja. Nyuma ya jiko la zamani kulikuwa na mawe matatu, laini, ya mviringo, yamekaa kama mafiga yasiyo na chungu. Chini yake alilala Recho, mtoto wake wa kwanza, aliyeishi siku tisa. Katika boma lile mtoto mchanga hakujengewa kaburi la saruji wala hakuchomekewa msalaba. Aliwekewa mawe matatu, na mama yake ndiye aliyeyatunza. Keraryo aliyafuata ziwani kwa baiskeli, kila siku jiwe moja, siku tatu. Hyasinta aliyapalilia miaka arobaini na nane. Bernado mwenyewe alipokuwa mdogo alichapwa mara mbili kwa kuyakalia, kwa hiyo asingeweza kusema hajui.

"Mashine itamzunguka?" alikuwa amemuuliza kwenye simu.

"Itamzunguka, mama. Tena kwa heshima na taadhima."

Ile taadhima ilimchefua. Ndiyo aliyowagawia watu kwenye harusi, kwa kila keki na kila shangazi.

Walianzia Bunda, kwa Muzamil, mfanyabiashara ambaye Bernado aliliona tangazo lake kwenye simu. Mashine ilikuwa nje ya duka, nyekundu, inang'aa kama pipi iliyolambwa. Bernado aliikalia kabla hata hajasalimia. Ilikuwa ya aina ile wanayoiita ziro-tani, isiyo na usukani, ina fimbo mbili tu za kushika, na inajigeuza palepale iliposimama. Bernado alizikumbatia zile fimbo, akampa mama yake simu ampige picha. Mama aliiweka simu mkobani.

"Hii ndo kiboko, bosi," Muzamil alisema. "Inchi sitini. Ukipita mara chache tu uwanja mzima umeisha."

"Na hapa ni pa kuweka soda," Bernado alisema, akichomeka kidole kwenye tundu la kuwekea chupa. Alifurahi kabisa. Mwanaume wa miaka arobaini, na kitu alichokipenda kwenye mashine ni tundu la soda.

"Ikikuta jiwe?" Hyasinta aliuliza.

Muzamil alimgeukia Bernado ndipo akajibu. "Kwani uwanja wenu ukoje, bosi?"

"Tambarare," Bernado alisema. "Kama meza."

Hyasinta alihisi kinyaa kikimpanda kooni. Meza! Ekari saba zenye vichuguu vya kufika kiunoni, mashimo ya muhanga, na mawe yaliyotoka ardhini tangu dunia iumbwe. Na huyu muuzaji naye, mama anauliza, mtoto ndiye anajibiwa, kana kwamba swali limetoka kwenye mkoba. Aliinama, akagonga kwa kifundo cha kidole lile bati linalofunika visu chini ya tumbo la mashine. Lililia kama debe.

"Hili bati," alisema.

"Ni la kisasa hilo, mama," Muzamil alisema, safari hii akimtazama.

"La kisasa, ndiyo. Twende, baba."

Njia nzima kurudi Musoma Bernado alinung'unika kwamba ameaibishwa mbele ya watu. Hyasinta alitazama nje. Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na aliyemlea huyu si mwingine, ni yeye.

Fundi Jabiri, mtengenezaji na muuzaji wa mashine, alikuwa mtaa wa Mukendo, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yake, kati ya injini zilizofunuliwa na matairi. Alipowaona aliacha kazi, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaifuta, ndipo akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, tunataka ziro-tani," Bernado alianza. "Uwanja ni tam..."

"Uwanja ni mbaya," Hyasinta alisema. "Una vichuguu, una mashimo, una mawe."

Jabiri alimsikiliza yeye. Aliwapeleka kwenye mashine moja ya kijivu, kuukuu, kiti chake kimeshonewa turubai. "Kwa uwanja wa hivyo usichukue ile pana, mama. Pana ikipanda kichuguu upande huu, upande wa pili inachuna ardhi. Chukua hii nyembamba, inchi arobaini na nane. Tairi za nyuma nene. Na hapa chini si bati, ni chuma kinene kilichochomelewa. Gonga."

Hyasinta aligonga. Hakikulia.

"Ubaya wake ni nini?" aliuliza.

"Mteremko mkali haiwezi, na majani yakiwa na maji inatelezaga. Ikikuta jiwe kisu kinapinda, sikudanganyi. Inakubidi uyajue mawe yako."

"Nayajua."

Akamwomba makopo matatu. Jabiri alileta makopo ya rangi, matupu, na Hyasinta akayapanga mwenyewe kwenye majani ya pembeni mwa uzio, karibu karibu, kama mafiga. Hakueleza kwa nini. Jabiri alipanda, akasukuma fimbo moja mbele, nyingine akaivuta nyuma, mashine ikazunguka pale iliposimama kama mbwa anayetafuta pa kulala. Kisha ikayaendea makopo. Ikayazunguka mara moja, ikayazunguka tena kwa karibu zaidi, na majani yakalala pande zote. Injini ilipozimwa makopo yalikuwa pale pale. Hata lile lililokuwa limeinama kidogo lilikuwa bado limeinama vilevile.

"Wenzetu huko nje wanakatiaga majani makaburini," Jabiri alisema akishuka. "Kazi yake ndiyo hiyo, kuzunguka vitu."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kile kinyaa kilimwachia. Hyasinta aliinama akaligusa kopo moja. Alimwona Recho akiwa amekaa kwa amani katikati ya uwanja wenye majani mafupi, safi, hata harusi zipite huko pembeni na kelele zao. Alikaribia kutabasamu.

"Hii hapa," alisema.

Aligeuka amwone Bernado. Bernado alikuwa anafuta vumbi kwenye ncha ya kiatu.

"Lakini mama, kuna ulazima gani wa kuzungukazunguka?" alisema. "Uwanja ukishakuwa safi, mashine yoyote inafaa. Hata ile ya Bunda."

"Mimi siuzagi mashine kabla sijaukanyaga uwanja," Jabiri alisema. "Niliwahi kumuuzia mtu, akaivunja siku hiyohiyo, akaenda kunitangaza soko zima. Toka hapo natembeaga kwanza na fimbo yangu. Twendeni tu."

"Leo jua limeshakwenda, fundi."

"Jua lipi?" Hyasinta aliuliza. "Saa nane hii."

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya kwenda Butiama ilikuwa fupi kuliko siku zote. Jabiri alikaa kiti cha nyuma na fimbo yake ya mti mapajani. Bernado hakufungulia redio. Walipoiacha barabara kuu alisema, bila kuulizwa, kwamba ametengeneza tengeneza kidogo nyumbani, kumshtukiza mama kwa furaha. Jicho jipya la Hyasinta lilikuwa limetulia kwenye shingo ya mwanawe, ikitoka jasho juu ya marashi.

Trekta lilikuwa limepita. Toka getini mpaka kwenye mikatani ya mpakani, majani hayakuwepo. Vichuguu vilikuwa vimesawazishwa, na ardhi imebaki nyekundu, mbichi, kama goti lililochubuka. Jiko la zamani nalo halikuwepo. Kandokando ya njia ya magari mawe yalikuwa yamepangwa mistari miwili, yamepakwa chokaa, na juu ya kila jiwe limechorwa kopa jekundu. Kopa la mapenzi.

Hyasinta alishuka polepole. Jabiri alikuwa ameshaingia uwanjani, anachomachoma ardhi.

"Hapa pamechunwa," alisema. "Mmepachuna kwa nini?"

"Ili mashine ipite," Bernado alisema.

"Mashine ipi?"

"Si hiyohiyo yako, fundi."

Jabiri aliacha kuchoma. "Lakini bwana, hiyo ndo ya kuzunguka. Ungeviacha vitu vyako vyote mahali pake."

Hyasinta alikuwa anatembea kwenye mstari wa mawe, jiwe baada ya jiwe. Mengi yalikuwa mawe ya pale pale Butiama, yenye kona na meno. La kumi na moja lilikuwa la mviringo, laini. La kumi na mbili vilevile. La tatu la namna hiyo lilikuwa upande wa pili wa njia, karibu na bango la maegesho, na kopa lake lilikuwa limechuruzika kabla halijakauka.

"Umeyapaka makopa," alisema.

"Mama, nisikilize. Nilijua ukiona uwanja umekamilika..."

"Ulinambia itamzunguka."

"Ni siku tisa tu mama," Bernado alisema, na kwa bahati mbaya alilisema kwa ile sauti yake ya kazini, tamu, ya kumtuliza bibi harusi. "Siku tisa. Miaka karibu hamsini sasa. Hata sura yake nani anaikumbuka?"

Hyasinta alitema mate chini kama mtu aliyetafuna nzi, yeye ambaye hakuwahi kutema mate mbele ya mgeni. Alimtazama mwanawe juu mpaka chini, kiatu, shati, nywele zilizopakwa mafuta, akamwona vizuri sana, na hakuona kitu ambacho angetamani kukigusa.

"Alikuwa na nywele nyingi," alisema. "Na kidole hiki alikikunja. Yatoe hayo mawe, Bernado. Uyarudishe."

Siku nzima alikuwa anamwita baba. Bernado alilisikia jina lake na akainama bila kubisha. Hakukuwa na jembe karibu, akachimbua kwa mikono, chokaa ikampaka kifuani na rangi nyekundu ikambaki viganjani. Jabiri alitaka kumsaidia, Hyasinta akamzuia kwa mkono. Bernado alilikumbatia jiwe la kwanza akaenda nalo, hatua fupi fupi, kisigino kikididimia, kuelekea nyuma kulikokuwa na jiko. Hyasinta alimfuata.

Bernado alisimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kulikuwa na udongo mwekundu na michirizi ya tairi za trekta, na michirizi hiyo ilifanana kila mahali.

"Niweke wapi, mama?"

Hyasinta alipiga hatua nne mbele. Mlango wa jiko ungekuwa hapa, au labda pale. Alirudi mbili. Alijaribu kukumbuka mpapai uliokuwa kando ya mlango, lakini mpapai nao ulikuwa umekwenda na jiko. Alifumba jicho la zamani akatazama kwa lile jipya, kisha akayafumba yote mawili. Siku zote alikuja moja kwa moja bila kufikiri. Hakuwahi kuhesabu hatua, kwa sababu mawe yalikuwepo.

"Nilikuwaga napajua kwa hayo mawe," alisema.

Jabiri alivua kofia yake, akatazama pembeni. Jiwe lilikuwa zito, na Bernado alilipandisha tena kifuani.

"Mama, basi niliweke wapi?"

"Usiliweke," Hyasinta alisema. "Lishike tu hivyohivyo."

Akamgeukia Jabiri, akamwambia mashine haitahitajika.