Mtu wa Saba kwenye Picha ya Kamati

Obwocha, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa chai, alitaka picha kubwa ya kamati yake itundikwe katika ofisi mpya mjini Nyamira. Kazi akampa Onchiri, kibarua wake shambani, aliyejulikana pia kwa kuchora mabango ya maduka.

Onchiri alikuwa na kitabu kikuukuu cha picha za Uholanzi ya zamani: wafanyabiashara waliolipia kuchorwa pamoja, kola nyeupe shingoni, na nyuma ya mabega yao uso wa mchoraji mwenyewe ukichungulia. Kwa miezi minne aliwachora wanakamati sita. Siku ya mwisho akajiweka nyuma ya mweka hazina, amevaa koti ambalo hakuwa nalo.

Siku ya uzinduzi kitambaa kiliondolewa, watu wakapiga makofi. Obwocha akahesabu kwa kidole.

"Huyu wa saba ni nani?"

"Ni mimi, Mwenyekiti. Wachoraji wa Uholanzi walikuwa wakijiweka ndani, nyuma kidogo."

"Nao walikuwa wanachuna chai ya nani?"

Ukumbi ukacheka. Obwocha hakucheka. Alimwita Kemuma, mama yake Onchiri, aliyekuja amevaa nguo yake ya Sabato. Nyumba aliyoishi ilikuwa ndani ya shamba la mwenyekiti.

"Mama Onchiri, wewe ni mtu wa kanisa. Mwanao yuko katika kamati hii?"

Kemuma aliisogelea picha, akaitazama.

"Hayuko, Mwenyekiti."

"Basi mwambie ajitoe."

"Jitoe, mwanangu."

Rangi ikaletwa. Onchiri alianza na koti. Alipofika usoni, mweka hazina akamhimiza afanye haraka, chakula kinapoa. Akaufunika mdomo, kisha macho. Tone la kahawia likateremka kwenye bega la mweka hazina pichani. Akaamriwa alipanguse kwa shati lake.

"Jumatatu uje umchore mbwa wangu hapo," Obwocha alisema.

Njiani kurudi nyumbani Kemuma alijaribu kumshika mkono. Onchiri akauchomoa.

"Ulitaka nilale wapi?" mama akamwuliza.

Hakumjibu siku hiyo, wala wiki iliyofuata, ingawa walichuna chai mistari iliyopakana. Jumatatu alikwenda ofisini, akamchora mbwa kwa uangalifu, unyoya baada ya unyoya. Obwocha alimsifu mbele ya kamati nzima, na Onchiri akasema asante.