Mama Ana Maneno na Mungu

Nilimzibia Syombua njia kwa mwili wangu wote, na Syombua hakuwa mtu mdogo.

"Mfiwa haachwi peke yake, Mbula. Hata wewe unajua."

Nilijua. Kwetu Kambu, ukifiwa, watu wanahamia kwako. Kaka yangu Musembi, taniboi wa lori la mahindi, alikufa ajalini karibu na Mtito Andei mwaka ule wa njaa, themanini na nne. Tangu tumzike, akina mama wa kanisa hawakutuachia boma. Walipika, walifagia, waliomba kwa zamu, na mwenyekiti wao alikuwa huyu Syombua. Walituletea unga wakati watoto wao wenyewe walilala na njaa. Watu kama hao huwezi kuwachukia. Mimi nilijaribu sana.

"Mama hajalia hata kidogo," nikamwambia. "Akiinamisha kichwa tu, mnaanzisha wimbo."

"Tunamtia nguvu."

Nguvu! Mama alikuwa na njia yake ya kupata nguvu. Mto wetu hukauka, na maji ni ya kuchimbua mchangani. Wanawake wengine walienda kwa vikundi, wakicheka na kusutana. Yeye alingoja jua liwe kali, wenzake wakisharudi nyumbani, ndipo abebe mtungi na kibuyu. Akishachimba, huketi ukingoni mwa shimo kungoja maji yajikusanye, na hapo huzungumza na Mungu kwa Kikamba, polepole, kama mtu na jirani yake. Hata baba, enzi za uhai wake, hakuthubutu kumfuata huko.

Asubuhi ile alinivuta jikoni. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu.

"Mbula, niondolee hawa watu kidogo tu. Nina maneno na Mungu, na si ya kusemwa mbele ya watu. Nisipoyasema, sitamwomba tena."

Hiyo ndiyo sababu nilisimama kwenye kijia cha mtoni, nikabishana na mtu mzima aliyeweza kunizaa, huku mama akiteremka na mtungi wake. Nyuma ya Syombua, wenzake walikuwa wanafunga leso, tayari.

"Niache nipite," Syombua akasema. Kisha akashusha sauti. "Dada yangu Kavata pia alisema anataka kuwa peke yake na Mungu. Ni mimi niliyekata kamba shingoni mwake."

Nilisogea. Ungefanya nini?

Tulimkuta mama amepiga magoti ndani ya shimo, mchanga ukimfika kiunoni, mikono yote miwili ardhini. Mdomo wake ulikuwa wazi na sauti ilikuwa imeanza kutoka, nzito, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wanawake walipomwona hivyo walishtuka, wakamkimbilia wakiimba. Mama alifunga mdomo. Akajifuta uso kwa leso, akashikwa mkono, akapanda. Kufika juu alikuwa ameshaingia katika wimbo, tena sauti ya pili, maana alikuwa muungwana, na watu walikuwa wamemjia kwa upendo.

Tangu siku hiyo alihudhuria kila ibada na kuitikia kila amina. Mtoni alitutuma sisi. Mimi nilikuwa nikimtazama kanisani, midomo yake ikicheza, na moyo wangu uliniuma kwa sababu nilijua hamna mtu ndani.

Alipougua, miaka ya tisini imeanza, nilimleta kwangu, nyumba ya mabati pale sokoni. Akina mama walikuja, wazee sasa, wakaimba mpaka adhuhuri, wakaenda.

"Wametoka?" mama akauliza.

"Wametoka."

"Na wewe pia toka, mwanangu. Ufunge mlango."

Iliniuma, siwezi kuficha. Miaka yote hiyo nilijihesabu upande wake. Nilifunga mlango, nikaketi nje juani.

Alianza kwa jina la Musembi. Halafu akamwuliza Mungu, kwa sauti ambayo mabati hayakuweza kuizuia, alikuwa wapi siku ile.

Syombua alirudi kuchukua kiondo alichosahau. Akasimama, akasikiliza. Nilimwona akivuta pumzi. Nikamshika mkono, nikamwonyesha mahali kando yangu.

Akaketi. Mama alilia mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia miguuni, na hakuna kati yetu aliyeimba.