Maji ya Saa Saba Mchana

Kwa miaka tisa nimesoma kina cha mto darajani mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Ubao wa kipimo umepigiliwa kwenye nguzo ya daraja. Nashuka ngazi, natazama mstari ulioguswa na maji, naandika tarakimu daftarini. Watu huniita Mama Kipimo, na majirani hunitania kwamba hata chai naipima kabla ya kuinywa. Tarakimu nilizijua tangu zamani kwa kuuza nyanya. Maneno nimejifunza mwaka huu, katika darasa la watu wazima.

Mwaka ukiisha, karani wa ofisi ya maji huchukua daftari langu, hugeuza kina kuwa kiasi cha maji kilichopita kwa jedwali lake, kisha huandika muhtasari wa ukurasa mmoja: wastani wa kiasi hicho, kisha kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa cha kina. Muhtasari huo hauendi makao makuu bila idhini ya msomaji wa ubao. Miaka yote idhini yangu ilikuwa dole gumba.

Karani huyo tunamwita Rula, kwa kuwa haandiki hata jina lake bila kuweka rula chini yake. Safari hii alinisogezea kidau cha wino kama ilivyo ada. Nikamwambia nitasoma kwanza. Alicheka, si kwa ubaya, akanikumbusha kwamba gari la barua huondoka saa sita.

Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kiwango cha juu kabisa: mita mbili na sentimita kumi.

Haikuwa hivyo. Siku ya mafuriko ya mwaka huu, asubuhi maji yalikuwa mita moja na nusu. Saa saba mchana mto ulikuja kwa kishindo, umebeba magogo, nami nikakimbilia darajani viatu mkononi. Nilisoma mita nne na sentimita thelathini na tano. Kufikia jioni maji yalikuwa yameshuka hadi mita mbili na sentimita kumi, yametulia kana kwamba hayakufanya lolote. Kwa kuwa fomu ina safu mbili tu, ya asubuhi na ya jioni, kipimo cha mchana nilikiandika pambizoni pamoja na saa yake.

Nilipomwonyesha, Rula alinieleza kwa upole wa kuudhi kwamba kilichoko pambizoni ni maoni, na maoni hayaingii kwenye hesabu.

Ningeweza kunyamaza kama ingekuwa karatasi tu. Lakini kando ya mto yanajengwa madarasa mapya, na kwa kufuata nakala ya muhtasari huo ambayo Rula alimpa mapema, fundi mkuu alikuwa amepiga vigingi vya sakafu kwenye usawa wa mita tatu za ubao. Msingi ungechimbwa Jumatatu. Kitinda mimba wangu angeketi juu ya sakafu hiyo muhula ujao, na saa saba mchana huwa yumo darasani.

"Mama, mimi nafuata fomu," Rula alisema. "Fomu haina mchana."

"Mto una mchana, mwanangu."

Akashusha pumzi, akaniomba niweke dole tu, hayo mengine tutayatazama mwakani.

"Dole langu halina macho," nikamwambia. "Miaka minane umelitumia kama muhuri wa ofisi. Leo natia saini, na chini ya uongo sitii."

Aliuliza atajuaje kwamba sikubabaika katika vurugu ile. Nikamjibu kwamba siku ileile, nguzo ingali na alama mbichi ya maji, nilipigilia msumari pale maji yalipoishia. Ampigie simu fundi akaupime. Alipiga kwa shingo upande. Tulingoja nusu saa, yeye akipangusa rula yake, mpaka fundi akarudisha simu na sauti yake ikasikika chumba kizima. Msumari upo mita nne na sentimita thelathini na nne. Vigingi anaving'oa sasa hivi, na mama asamehewe hiyo sentimita moja.

Nilimwambia fundi kwamba sentimita hiyo ni ya kamba yake ya kupimia iliyovutika, si yangu.

Rula alitoa karatasi mpya, akachora safu ya tatu kuanzia juu hadi chini. Ilikuwa tupu isipokuwa mahali pamoja. Kwenye muhtasari, penye kiwango cha juu kabisa, akaandika mita nne na sentimita thelathini na tano. Nikatia saini polepole, herufi moja baada ya nyingine, gari la barua likiwa limekwisha kuondoka.

Akanyoosha mkono kuichukua kalamu. Sikumpa. Mafuriko ya mchana ya miaka iliyopita nilikuwa nikimwambia kwa mdomo, naye akiitikia kwa kichwa. Nikamwomba anishushie majalada yote manane yenye dole langu, nikavuta kiti karibu na dirisha, nisome kama mafuriko hayo yaliandikwa.