Seli Nane za Astrid

Tangu alfajiri Astrid alikuwa hatulii, na nani angetulia? Yeye, fundi wa simu wa Mushaki, ametengeneza kwa mikono yake kibao cha kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme, cha kubandikwa ubavuni mwa satelaiti ndogo. Leo Injenia Nzabandora amepanda kutoka Goma kuja kukipima. Kikitoa wati mbili, Astrid ataitwa karakana ya Goma kutengeneza kile cha kweli, kitakachoruka. Kisipotoa, basi, arudi kwenye skrini zake zilizopasuka.

Uani kwa mama yake, kijijini Karuba, watu walijaa kama harusini. Injenia aliunganisha waya za kipimo, akakunja uso.

"Iko sufuri, dada."

 Astrid akakigeuza kibao, akagusa viungo vyote vya risasi mgongoni, hakuna kilicholegea. Seli ni nane, zimefungwa kwa mfululizo; moja ikigoma, zote zinagoma. Ipi, sasa? Akakigeuza tena. Pale konani, juu ya seli ya mwisho, kipande cha tawi la mtende lililobarikiwa Jumapili ya Matawi kilikuwa kimefungwa vizuri kwa uzi mweusi.

"Mama?"

Mama Nyiramana hakuona haya hata kidogo. "Njo mimi nilifunga. Si ulisema kitu inaenda kule juu, kwenye radi inatokea? Nyumba yetu iko na tawi, radi haijatupiga hata siku moja. Sasa yako iende bure?"

Watu wakacheka. Astrid hakujua acheke au alie. Kuling'oa tawi mbele ya watu wote ni kumwaibisha mama. Kuliacha ni kupoteza kila kitu, na Injenia alikuwa ameshatazama mawingu mara mbili.

"Mama, kivuli yake inafunga njia ya umeme yote."

Mama akakitazama kibao, akamtazama binti yake. Akainama, akakata uzi kwa meno.

"Basi nitasali tu."

Kipimo kikaruka. Moja. Moja na nusu. Mbili nukta tatu! Astrid naye akaruka, akamkumbatia Injenia wa watu bila kujua anafanya nini.

"Lundi, Jumatatu hii, saa mbili, karakana," alisema Injenia akicheka. "Utakaa Goma miezi sita."

Vigelegele vikapasua uwanja. Astrid akageuka kumtafuta mama, asimwone. Alimkuta ghalani amechuchumaa, anajaza gunia maharagwe kwa viganja viwili.

"Goma maharagi iko na mawe," mama alisema bila kuinua kichwa. "Miezi sita iko mingi, mwanangu."

Astrid akachuchumaa, akamshikia gunia.