Kushoto kwa Kipanga

Ndoo ya plastiki ilipitishwa mbele ya mstari wa wafanyakazi saa moja na nusu asubuhi, na kila mmoja akatumbukiza humo saa yake, pete yake, na mkufu wake kama alikuwa nao. Afisa usalama, kijana mwenye sauti ya mnadi, alikuwa akieleza kwamba katika jengo jingine pete ya fundi mmoja ilinaswa na waya wa kreni, na kidole kikaifuata pete. Watu wakaguna. Ndoo ilipofika mbele ya Mzee Paredi, ikasimama.

"Saa, mzee wangu."

"Saa hii ninayo mwaka wa thelathini na moja."

"Na mkono unao mwaka wa ngapi?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mzee Paredi hakucheka. Alifungua mkanda taratibu, kama mtu anayebandua bandeji juu ya kidonda kibichi, akaitia saa ndooni. Kijasho chembamba kikamtoka, ingawa jua lilikuwa bado halijapata nguvu.

Hakuna aliyejua kilichokwenda na saa ile. Mtu huyu wa miaka hamsini na sita, mwelekezaji wa kreni kwa miaka kumi na tisa, aliyebandikwa jina la Paredi kwa sababu hakuchoka kuwasimulia vijana jinsi walivyokaguliwa viatu na kucha katika shule ya bweni, hakujua kushoto ni wapi na kulia ni wapi. Alijua jambo moja tu: saa iko kushoto. Mkewe ndiye aliyemfunga saa hiyo wiki ya harusi yao, akasema, "Watu huvaa kushoto," naye akaipokea kauli hiyo kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.

Somo lenyewe lilifundishwa darasa la kwanza, majuma matatu ambayo yeye alilala nyumbani na surua. Aliporudi, wenzake walikuwa wamekwisha kuinua mikono na kuishusha, na mwalimu alikuwa amehamia kwenye kuhesabu. Angeuliza siku hiyo, angechekwa dakika moja. Hakuuliza. Bwenini alijipanga safu ya pili, nyuma ya mvulana mrefu, na amri ya kugeuka ilipotolewa alimfuata mvulana yule, nusu pumzi nyuma yake. Walimu waliisifu nusu pumzi hiyo wakaiita utulivu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Lakini swali ambalo mtoto wa miaka mitano analijibu huku ananyonya kidole, likikaa kifuani kwa miaka hamsini, huwa zito kuliko mfuko wa saruji.

Kazi ya kreni ilimfaa kwa sababu ilikuwa kazi ya mikono. Alisimama chini, akanyoosha mkono huku, na mzigo ukaja huku. Mkono haudanganyi wala hauhitaji jina. Lakini jengo lilikua. Ukuta wa ghorofa ya nne ulipokamilika, mwendesha kreni hakuweza tena kumwona, na majuma mawili yaliyopita kila mmoja alipewa redio ya mkononi pamoja na sheria ya afisa usalama: maneno matano tu, basi. Pandisha, shusha, simama, kushoto, kulia. Soga ni marufuku.

Kwa majuma mawili Mzee Paredi aliishi kwa maneno matatu ya kwanza, na saa yake akaiweka akiba kwa siku ya shida.

"Shikamoo, baba."

Aliyemsalimu alikuwa mkwewe, fundi mbao, mume wa binti yake kitindamimba. Alikuwa akivaa buti za mpira ukingoni mwa shimo la lifti.

"Marahaba. Mnashuka humo leo?"

"Tuko wanne. Tunabomoa mbao za chini, na pampu inavuta maji. Ukituita hatusikii, hata tarumbeta ya kiama." Akacheka. "Mbona mkono unaushika hivyo? Unauma?"

"Hauumi."

"Basi ni saa. Jana binti yako aliniambia, baba yangu ukimvua saa umemvua suruali."

"Shuka, ukafanye kazi," alisema Mzee Paredi, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia.

Mzigo wa kwanza ulikuwa ngazi ya zege iliyofinyangwa tayari, tani mbili na ushee, iliyofungwa kwa minyororo minne. Ilitakiwa ivuke ukuta, iteremke, itue pembeni mwa mnara wa tangi la maji. Mzee Paredi alisimama katikati ya uwanja, uso kwa kreni: tangi upande mmoja, shimo la lifti upande wa pili. Ngazi ikachomoza juu ya ukuta kama nyumba inayotembea.

"Shusha," alisema redioni.

"Nashusha," akajibu Kipanga. Hilo lilikuwa jina la mwendesha kreni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyepewa lakabu ya ndege kwa sababu macho yake, walisema, yaliona msumari kutoka juu kibandani mwa kreni. Leo macho hayo yaliishia ukutani; kilichokuwa chini nyuma yake hayakukiona.

Ngazi ikashuka mita tatu, na hapo upepo ukaja. Haukuwa mkubwa, ila uliikuta ngazi ubavuni. Zege likazunguka robo mzunguko, likayumba kuelekea shimo kama mlango usio na komeo, na Mzee Paredi akasikia mlio wa chuma kikisugua chuma. Mnyororo mmoja uliteleza kwenye pembe. Ngazi ikainama kichwa.

"Simama!"

"Nimesimama."

Ilikuwa imesimama juu ya shimo la lifti.

Kutoka pale aliziona kofia mbili za njano chini, zikiinama na kuinuka, na kati yake ya tatu, ya mkwewe, yenye ua jekundu alilolichora mjukuu wake. Akapiga ukelele. Pampu ilinguruma. Hakuna kofia iliyogeuka juu.

"Mzee, kuna nini?" aliuliza Kipanga. "Nahisi uzito umehama."

"Mnyororo umeteleza. Usipandishe. Usishushe. Kuna watu chini."



"Basi niutoe pembeni polepole. Wapi? Kushoto au kulia?"

Mzee Paredi alitazama kifundo cha mkono. Glavu. Akaiuma kwa meno, akaivua, akaitema. Alama nyeupe ya mkanda ilikuwa pale pale, imekaa kwenye ngozi kwa miaka thelathini na moja, na mkono wenye alama ulikuwa upande wa tangi. Akabonyeza kitufe.

"Kushoto!"

"Kushoto kwangu, mzee, sivyo? Nimeelekea kwako. Kushoto kwangu au kushoto kwako?"

Kidole kikamgandia kwenye kitufe. Kwake? Kwangu? Katika umri wake wote hakuwahi kufikiri kwamba ziko kushoto mbili. Alidhani ni kama kaskazini, jambo moja lililowekwa na Mungu, ambalo wenzake walionyeshwa naye akakosa. Sasa alikuwa na ufunguo mkononi na milango miwili mbele yake, na nyuma ya mmojawapo walikuwamo watu wanne. Mnyororo ukalia tena. Vumbi la zege likadondoka, likatua juu ya kofia yenye ua.

"Mzee! Kwangu au kwako?"

Redio ile ilisikilizwa na nyapara, na afisa usalama, na kila mwenye kifaa kwenye kiwanja kile. Ilikuwa rahisi kusema "kwako" kwa sauti ya paredi. Pengine ingekuwa sawa. Pengine, na pengine ngazi ingepita juu ya shimo lote kwa urefu wake, ikitikisika, hadi pembe ile iliyolegea ikaachia. Na hata ikiachia, angeweza kusema kwamba Kipanga hakumwelewa. Wazo hilo lilimjia likiwa kamili, limevaa nguo safi, na ndilo lililomwogofya kuliko mnyororo.

"Sijui," alisema.

"Nini?"

"Sijui kushoto ni wapi. Sijui kwako wala kwangu. Sijawahi kujua."

Kisha sauti ya afisa usalama ikapasuka, "Nani huyo anayeleta mzaha kwenye..." na Kipanga akamkata kama uzi.

"Toka hewani, wewe! Mzee Paredi, mambo ya pande niachie mimi. Nitajie kitu. Unataka mzigo uende kwenye nini?"

"Tangi. Tangi la maji."

"Tangi nakiona kichwa chake. Naenda kwenye tangi. Niambie tu, naenda au siendi."

Ngazi ikajongea. Shibiri. Hatua. Mzee Paredi alitembea sambamba nayo, midomo ikimcheza, mkono mtupu umenyooshwa mbele ingawa hakuna aliyeuona.

"Unaenda... unaenda... ukingo wa shimo huo... unaenda. Umepita. Umepita! Tangi hilo. Simama. Sasa shusha."

Ngazi iligusa ardhi kwa pembe moja kwanza, mnyororo ukachomoka kwa mlio wa risasi, na zege lote likajilaza ubavu. Ardhi ilitikisika. Hapo ndipo wanne wale walipoinua vichwa kutoka shimoni, nyuso zimejaa tope, wakitazama huku na huku kama watu walioamshwa.

Mzee Paredi alikuwa ameketi chini. Hakukumbuka kuketi.

Nyapara alikuja mbio, afisa usalama nyuma yake na daftari la matukio. Hakuna aliyecheka, na jambo hilo lilikuwa zito zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko tangu utotoni. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini yeye alisimama. Akaomba kalamu, akaandika kwa mwandiko wa shule, ulionyooka, kwamba mwendesha kreni hakukosea lolote, na kwamba mwelekezaji aliifanya kazi hii akiwa hajui anachotakiwa kujua, na alilificha hilo kwa hiari yake. Akatia sahihi, akakabidhi redio.

"Utapanga mbao," alisema nyapara bila kumtazama. "Mpaka ujifunze. Halafu tutaona."

"Ni haki."

Redio mkononi mwa nyapara ikakwaruza. "Mzee Paredi," ilikuwa sauti ya Kipanga, nayo ilikuwa ikitetemeka sasa, "kumbe zile paredi zote ulikuwa unamwigiza jirani?"

"Zote," alisema mzee, ingawa kitufe hakikubonyezwa na Kipanga hakumsikia.

Mkwewe alikuwa amekwisha kupanda, amesimama mbele yake, maji yakimchuruzika kwenye buti. Wenzake walikuwa wamemweleza nusu ya habari. Nusu ya pili aliisoma usoni.

"Nionyeshe," alisema Mzee Paredi.

"Nikuonyeshe nini, baba?"

"Wa kulia."

Mkwe akataka kucheka, akaacha. Akainua mkono mmoja, wenye tope hadi kiwikoni. Mzee akautazama, akautazama na wake wenye alama nyeupe, na hofu ile ikampanda upya, kwa maana mikono yote miwili, ule wa mkwewe na wake, ilikuwa upande wa tangi. Kisha akamzunguka mkwewe polepole, akaenda kusimama nyuma ya bega lake, macho yake yakitazama kule mwenzake anakotazama.

"Tena," alisema. "Inua tena."