Kisanduku cha Bwana Kadi

Alijiita mtu wa watu, na ofisi nzima ya barabara ikamwita Bwana Kadi, kwa dharau ambayo yeye aliipokea kama sifa. Kwenye mikutano alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, si ili asikilize chochote, bali awavizie wakurugenzi mlangoni. Anakamata mkono, anajichekesha, anapokea kadi yenye jina na namba ya simu, basi, kazi imekwisha. Kadi zile alizipanga kwa vyeo ndani ya kisanduku cha bati. Aliyekuwa chini ya mkuu wa idara hakuwa na nafasi humo.

Mama wa masjala alikutana naye kwenye ujia kila asubuhi kwa miaka tisa, mikono imejaa mafaili.

"Umeamkaje, baba?"

Bwana Kadi aliangalia simu yake, akapita. Mpuuzi yule, hata salamu aliipimia cheo.

Kikatangazwa cheo cha mratibu wa ushirikiano baina ya ofisi. Bwana Kadi alikitaka kufa na kupona. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na asipokipata angemalizia utumishi wake kwenye meza ileile iliyo karibu na choo. Siku ya usaili aliingia kichwa juu, kisanduku kwapani.

Mwenyekiti wa jopo, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi, alimsogezea simu ya mezani.

"Kesho mafundi wetu wanachimba barabara ya soko. Tunataka ramani ya mabomba yaliyo chini yake. Mpigie yeyote umjuaye, uipate. Tunasikiliza."

Nusura Bwana Kadi acheke. Akachomoa kadi ya mkurugenzi wa maji, akapiga, sauti ikitoka nje kila mtu asikie.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mheshimiwa! Tulikutana semina, tukapiga na picha."

"Picha napiga na wengi, ndugu yangu." Simu ikakatwa.

Wa pili hakupokea. Wa tatu alishastaafu zamani. Kwa wa nne, naibu mkurugenzi wa maji, alipokea katibu muhtasi, na huyo angalau alimhurumia.

"Mbona ramani hiyo mnayo tangu mwezi uliopita? Yule mama wa masjala yenu aliifuata mwenyewe. Huyo tukimwomba kitu hutupa papo hapo, na sisi hatumzungushi. Mpigieni."

Bwana Kadi alikifunga kisanduku.

"Umerahisishiwa," alisema mwenyekiti. "Mpigie."

Mkono ukabaki juu ya simu, haubonyezi kitu.

"Namba yake huna?"

"Ninayo... imenitoka kidogo tu."

"Haidhuru, yuko mlango wa pili. Niambie jina lake, nimwagize mhudumu amwite."

Bwana Kadi alifungua tena kisanduku chake, akainama, akaanza kupekua kadi moja baada ya nyingine.