Rafu ya Mbovu

Mimi ni fundi miwani. Kutwa nzima kazi yangu ni kupangusa alama za vidole vya watu, kwa hiyo mnielewe: nikiona kidole juu ya diski ya sinema, natafuta kitambaa.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja kukaa kwetu wiki mbili nyumba yake ipakwe rangi. Jumamosi natoka kazini, namkuta sebuleni, kikombe cha chai kakiweka juu ya diski. Chai imemwagika, sukari imeganda, sisimizi wamejipanga duara wanakula sinema yangu. Nikanyanyua kikombe, diski ikaja nacho. Imenata.

"Shemeji, hii umeitoa wapi?"

"Pale kwenye rafu ya mbovu," akasema huku anachokonoa jino. "Nimekusaidia kuzipunguza. Nyingine nimezitundika bustanini, ndege wanaziogopa kwelikweli."

Nikachungulia dirishani. Mboga zote zilikuwa zinametameta.

Jamani, sisi wapenzi wa sinema za kale tuna lugha yetu. Kwetu mbovu ni sifa. Ni ile picha ambayo zimwi lina zipu mgongoni, maiti anapiga chafya, na wewe unaitazama mara ya ishirini ukivunjika mbavu. Hizo hazipatikani tena madukani. Nilizihamisha mwenyewe kutoka kanda za zamani, na juu ya kila diski nikaandika kwa mkono wangu, kwa wino mzito: MBOVU. Yeye akasoma alichosoma.

Na moja niliiandika MBOVU – BABA. Marehemu baba alikuwa mlinzi wa jengo walimotengenezea sinema moja ya hovyo kabisa, wakamwomba afungue geti na kusema, "Bosi hayupo, rudini kesho." Basi. Sauti yake nyingine hatuna. Kanda yenyewe iliota ukungu, nikaitupa. Mama alikuwa anakuja Jumapili kumsikiliza, nami nilikuwa nimemtengenezea miwani mipya ili safari hii amwone uso vizuri.

Tukatafuta. Chini ya sufuria kulikuwa na moja yenye masizi na mafuta. Bafuni moja ilikuwa imebeba kipande cha sabuni chenye unywele. Nilizishika kwa ncha za vidole, na nikamwambia shemeji maneno ambayo dada yake amenikataza kuyarudia. Ya baba ilikuwa mlangoni. Shemeji alikuwa ameivunja katikati apate makali ya kukwangulia viatu vyake tope la banda la kuku, uvundo na yote.

"Si uliandika mbovu?" akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Kesho yake mama alifika mapema, akaketi mbele ya televisheni, akavaa miwani yake mipya. Nilishindwa kumdanganya. Nikampa vile vipande viwili, nimeviosha mara tatu. Akaviunganisha pajani, akasoma polepole, herufi moja moja, maana sasa alikuwa anaona vizuri.

"Mbovu," akasema. "Baba." "Nani kamwandika baba yako hivi?"

Shemeji akatazama viatu vyake. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumnyooshea kidole.

"Mimi, mama," nikasema.